Upepo na Vumbi: fainali ya ligi ya dadu Jumamosi hii

Huku Dodoma tupo. Upepo upo, vumbi lipo, na UE zinabisha hodi. Nimekuwa kimya wiki mbili kwa sababu ya msuli, maana mwaka wa tatu ukizubaa unaondoka na sup mkononi wakati wenzako wanajipima majoho. Lakini leo madaftari yamewekwa pembeni kidogo, kwa sababu kuna jambo zito kuliko hata ule mtihani wa takwimu wa Jumatatu. Jumamosi hii saa kumi jioni, kwenye vimbweta vya nyuma ya hosteli, inapigwa fainali ya ligi yetu ya besiboli. Upepo dhidi ya Vumbi! Mechi tatu, anayeshinda mbili anachukua.

Najua wageni mtauliza: besiboli? UDOM? Uwanja uko wapi? Uwanja haupo bana. Ligi yetu ni dadu mbili, moja nyekundu na moja nyeupe, kadi zilizokatwa kwenye maboksi, bakuli la plastiki na kaunta buku. Bakuli ni kwa ajili ya upepo wa hapa. Msimu wa kwanza dadu zilikuwa zinahama zenyewe juu ya kimbweta, sita inageuka mbili mbele ya macho ya watu, ugomvi kila siku. Timu ziko nne, kila moja ina wachezaji tisa na wa akiba mmoja, na wachezaji wote ni watu halisi tunaosoma nao. Hilo la mwisho lishikeni vizuri, ndo mzizi wa kesi nzima niliyokuja kuwasimulia.

Aliyetuletea mambo haya tunamwita Mwenyekiti. Ni mtu wa Kondoa, lakini sekondari alisomea Dar kwa mjomba wake, na huko ndiko alikoijua besiboli. Msishangae, huu mchezo upo nchini. Wajapani ndio walioupalilia kwenye shule zetu kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010, na kuna mashindano kabisa ya sekondari yanaitwa Tanzania Koshien. Jina limetoka uwanja wa Koshien kule Japani, uliofunguliwa mwaka 1924, ambapo vijana wa sekondari wa nchi nzima hukutana na taifa zima likasimama kuwatazama. Sisi nasi tuna uwanja wetu wa besiboli pale sekondari ya Azania, Dar es Salaam, tangu 2018. Majirani zetu Waganda ndo wametuacha mbali. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikwenda Williamsport, Marekani, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto, na wakawafunga wenyeji wao wa Oregon 3-2. Kwa hiyo mtu akikuambia besiboli ni ya kwenye sinema tu, mwambie apande basi hadi Kampala.

Kwa ambao hamjawahi kuuona: mtupaji anarusha mpira kutoka mita 18.44, mpigaji amesimama na gongo. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne vilivyokaa kama almasi, na kutoka kituo hadi kituo ni mita 27.43. Akizunguka vyote akarudi nyumbani, pointi moja. Timu ikitolewa watu watatu, zamu yake ya kupiga imekwisha, wanaingia wengine. Kama utotoni ulicheza rede unajua ladha ya kumtazama mtu anayerusha mpira usoni kwako. Tofauti ni kwamba hapa hukwepi, unaugonga.

Mwenyekiti alikuja chuo na glavu moja na mpira mmoja. Gongo tulifanya mpini wa jembe. Tulicheza siku tatu, siku ya nne mpira ukapotelea kwenye vichaka vya kuelekea Ng'ong'ona na besiboli yetu ikaishia hapo. Ndipo usiku ule akakata boksi vipande, akachora kadi, akasema: basi tutacheza mezani.

Nilidhani ni ubunifu wa njaa ya bumu, kumbe ni mila ya watu. Marekani mwaka 1951 alitokea bwana anaitwa Dick Seitz akaanza kuuza mchezo wa APBA: dadu, na kadi ya kila mchezaji wa kweli. Mwaka 1961 Hal Richman akaja na Strat-O-Matic, ambao hadi leo watu wazima na mvi zao wanakesha nao. Kadi inatengenezwa kwa takwimu za mchezaji za msimu uliopita, kwa hiyo aliyepiga sana mwaka jana, dadu zinampendelea mwaka huu. Mwaka 1981 wachezaji wa ligi kuu waligoma, mechi ya nyota wote iliyopangwa tarehe 14 Julai pale Cleveland ikakosa watu. Unajua walifanyaje? Waliipiga kwa dadu na kadi za Strat-O-Matic palepale uwanjani! Na juzi tu, 2020, korona ilipofunga viwanja, ligi kuu iliwakalisha wachezaji 30, mmoja kutoka kila klabu, wacheze mchezo wa kompyuta wakiwa majumbani mwao. Blake Snell, mtupaji halisi, akatwaa ubingwa wa mchezo wa kuigiza. Kwa hiyo wanaotupita pale kimbwetani na kucheka, waendelee kucheka, sisi tupo kwenye ukoo mkubwa.

Sasa kadi zetu. Takwimu za msimu uliopita sisi hatuna, kwa hiyo tunapimana. Kila mwanzo wa muhula tunatundika gunia la sulfeti kwenye mti, tunahesabu hatua hadi zifike mita 18 na kitu, kila mtupaji anarusha mipira kumi ya tenisi. Iliyogusa gunia ndiyo namba yako. Wapigaji nao wanatupiwa kumi, wakimbiaji wanapimwa kwa saa ya simu. Hakuna kupendelewa. Mimi mwenyewe katibu wa ligi nilipata mbili kati ya kumi na kadi yangu inasoma mbili, hehehe.

Ikifika mechi, kila mpigaji anarushiwa dadu mara moja. Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka. Ukijumlisha, 12 ni hom ran, 2 ni vituo viwili, 4 na 10 ni kituo kimoja, 3 na 11 unapewa kituo bure. Kuanzia 5 hadi 9 umetolewa. Hesabuni wenyewe: njia za kufika kituoni ni 12 kati ya 36, theluthi kamili, na hiyo haiko mbali na besiboli ya kweli. Mpigaji mzito, yaani aliyegonga saba au zaidi kati ya kumi, anaongezewa 9, anakuwa na njia 16. Halafu kuna mtupaji. Mwenye namba saba kwenda juu ni mkali, anaigeuza 4 kuwa kutolewa, mpigaji wa kawaida anabaki na njia 9 tu, robo. Mwenye nne hadi sita ni wa kati, habadilishi kitu. Mwenye tatu kushuka ni dhaifu, hata 5 inakuwa ya mpigaji.

Robo na theluthi zinaonekana kama ndugu, sivyo? Subirini. Ili utoe watu watatu kwenye theluthi unahitaji kukutana na wapigaji wanne na nusu kwa wastani, na kwenye robo wanne tu. Maana yake kila awamu mmoja anafika kituoni badala ya mmoja na nusu. Sisi tunacheza awamu tano, kwa sababu tisa za wenyewe giza lingetukuta. Kwenye awamu tano, mtupaji mkali anaruhusu watu watano, wa kati saba na nusu. Pengo hilo ndilo linaloamua makombe.

Tuje kwa wahusika. Upepo kocha wake ni rumeti wangu. Timu nyepesi, wakimbiaji wawili hatari, mpigaji mzito mmoja tu. Nguvu yao yote tangu mwaka jana ni mtupaji wao, Mwenyekiti mwenyewe, kadi ya saba. Vumbi ni timu ya dada mmoja wa mwaka wa pili anayesomea uuguzi, wote tunamwita Nesi. Yeye ndiye kocha na ndiye mtupaji, namba sita, na amekusanya wapigaji wazito watatu kutoka koleji tatu tofauti. Mtu mpole sana, hadi uguse kanuni.

Tatizo ni moja: Mwenyekiti hayupo chuoni. Muhula wa kwanza ulipokwisha aliahirisha mwaka. Baba yake alivunjika mguu, yeye ndiye mkubwa, na shamba la alizeti haliwezi kusubiri mtu ahitimu. Dodoma na Kondoa mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Ukikosa kulima hapo, umeukosa mwaka mzima. Akafunga begi, akatuachia dadu na kaunta buku, akapanda basi. Kadi yake ikabaki kwenye boksi la Upepo, na Upepo wakaendelea kuitumia, saba yake ileile, hadi fainali.

Wiki iliyopita Nesi akaweka pingamizi. Kwa adabu kabisa, lakini pingamizi. Kanuni ya nne inasema kila mtu apimwe upya kila muhula, na huyu hakupimwa. Rumeti akawaka: "Yaani unataka kumfuta mwasisi wa ligi?" Nesi akamjibu bila kupandisha sauti: "Kaka, mimi simkatai Mwenyekiti. Namkataa yule wa mwaka jana."

Kimbweta kizima kikanyamaza, wakanigeukia mimi katibu. Na mimi nikaona wote wawili wana haki. Rumeti anasema kadi zote duniani ni za jana, hata za Strat-O-Matic ni za msimu uliopita, tukianza kufuta walioondoka hatubaki na ligi. Kweli. Nesi anasema ligi yetu ni ya kuigiza lakini watu wake si wa kuigiza. Namba isiyopimwa haina tofauti na kujaza umbo la uongo kwenye fomu. Hiyo nayo kweli. Nikasema basi, dawa ni kumuuliza mwenye kadi.

Nilipiga simu usiku. Mtandao wa kule unakuja na kuondoka kama umeme wa hosteli. Nikamweleza. Akacheka sana, akasema: "Gunia lipo, mti upo, mipira ya tenisi mbona mdogo wangu anayo miwili. Nipimeni." Tukakubaliana apime umbali kwa kamba, mdogo wake arekodi video ya mfululizo bila kukata, na mwamuzi wa kuhesabu awe Nesi. Ndiyo, mpinzani wake. Rumeti alikataa mara tatu, mimi nikasimama hapohapo.

Video ilifika juzi Jumanne baada ya kipindi cha mwisho. Tulijaa kimbwetani watu kama kumi na tano kwenye kioo kimoja cha simu. Mwenyekiti kakonda, kofia ya pama, nyuma yake vichwa vya alizeti vimeanikwa kwenye turubai. Mpira wa kwanza, gunia. Wa pili nje. Wa tatu nje. Wa nne gunia. Kisha nje, nje. Mtu aliyekuwa anarusha kama anaweka kitu mezani, sasa unaona kabisa bega halifiki juu. Wa saba gunia. Wa nane nje, wa tisa nje. Tatu kwa mipira tisa! Wadau, mnakumbuka nilichosema kuhusu tatu. Akibaki hapo anakuwa mtupaji dhaifu, na wapigaji wa Vumbi wakikutana na dhaifu wanafika kituoni karibu nusu ya mara zote. Hiyo siyo fainali tena, ni mazishi.

Mpira wa kumi ulipita pembeni ya gunia. Wengine tukasema nje. Wengine wakasema umegusa. Nesi akachukua simu, akarudisha nyuma, akatazama mara ya pili, akatazama mara ya tatu. Yeye ndiye aliyekuwa na faida kubwa kuliko wote kusema nje, na hakuna ambaye angemlaumu. Akasema: "Kona ya gunia imetikisika. Upepo haukuwepo, angalieni majani ya mti. Ni nne. Mwandike."

Rumeti badala ya kushukuru akaanza: arudie kesho, bega limechoka, haikuwa siku yake. Tukampigia mwenyewe. Akasema, nanukuu kama nilivyoandika kwenye kaunta buku: "Andika nne. Ile saba ilikuwa ya mtu anayekula kafteria na kulala mchana. Mimi sasa hivi ni wa nne. Nikirudi mtanipima tena." Basi. Nimeandika nne kwa kalamu nyekundu, tarehe pembeni, Nesi na rumeti wote wamesaini.

Sasa fainali imegeukaje? Wanaopenda hesabu nifuateni. Wapigaji tisa mara namna 36 ni namna 324. Kwa kadi ya zamani Vumbi walikuwa na njia 93 za kufika kituoni na Upepo 112. Kombe lilikuwa kama limeshafungwa utepe. Kwa kadi mpya Vumbi wana 120, Upepo wamebaki na 112 zilezile, kwa sababu Nesi hajabadilika. Yaani kwa mipira mitatu iliyokosa gunia kule Kondoa, anayepewa nafasi kubwa amekuwa Vumbi.

Lakini pengo la 120 na 112 ni dogo, na hapo rumeti ana silaha mbili. Ya kwanza ni kuiba vituo. Mkimbiaji wa haraka anaruhusiwa kurusha dadu moja akiwa kituoni, ikija tatu kwenda juu kaiba kituo, ikija moja au mbili katolewa. Watazamaji wanaipenda hiyo kuliko hata hom ran. Mimi nina mashaka nayo. Ni kufaulu mara nne kati ya sita, na wachambuzi wa besiboli wanasema ukifaulu chini ya takribani mara saba kati ya kumi, wizi unakugharimu kuliko unavyokulipa, maana kutolewa ni mali adimu, unazo tatu tu. Nimemwambia rumeti aibe akiwa na watu wawili tayari wametolewa na anahitaji pointi moja, basi. Atasikia? Simdhani.

Silaha ya pili ni ufupi wa fainali. Tuseme Vumbi wana nafasi 55 kati ya 100 kwa mechi moja. Tukicheza moja tu, ni 55. Tukicheza tatu, inapanda kidogo hadi kama 57 na nusu. Tano, 59. Saba, karibu 61. Ndo maana ligi kuu ya Marekani huko fainali yao ni ya mechi saba: kadiri mnavyorudia, ndivyo bahati inavyochoka na ubora unavyojitokeza, ila kwa mwendo wa kinyonga. Nesi aliomba tano, rumeti aliomba moja, UE ikatuamulia tatu. Kwa tatu, mnyonge bado ana nafasi zaidi ya 42 kati ya 100. Hiyo ni nafasi ya kuvaa jezi na kuja, siyo ya kukata tamaa.

Kuna mshikaji alishauri kila mtazamaji aweke elfu mbili aliyebashiri vizuri achukue, "kama zile mechi za kwenye mashine mjini". Nilikataa na naomba nieleze, kwa sababu bumu limeingia na najua wengi mtapita hukohuko. Zile mechi za mashine nazo ni ligi ya kuigiza kama yetu. Timu hazipo, kompyuta inachagua namba, dakika chache mchezo umekwisha, unakuja mwingine. Tofauti ni bei. Tuseme timu mbili zinalingana kabisa na mashine inalipa 1.85 kwa kila upande. Weka shilingi 1,000 mara ishirini, kwa wastani utashinda kumi na kurudishiwa 18,500. Shilingi 1,500 imeondoka na hakuna aliyekuibia, ni hesabu tu. Na pale kurudia hakukusaidii, kila ukirudia ndipo hesabu inapokushika vizuri zaidi. Kwenye kimbweta chetu kila namba unaijua imetoka kwa nani, siku gani, na nani alishuhudia. Hela ikiingia, ule mpira wa kumi Nesi angeuona vipi? Bora tusijue.

Halafu tunachogombania tayari kinatosha. Bingwa ndiye anayekaa na kaunta buku. Misimu mingine lilikuwa jambo la kawaida, muhula ukiisha linarudi mezani. Safari hii wengi wetu tunamaliza, kwa hiyo atakayelichukua Jumamosi analichukua moja kwa moja. Rumeti ameapa akishinda atalipeleka Kondoa mwenyewe, ampe Mwenyekiti mkononi, kwa sababu ni lake. Nesi akishinda litabaki hapa. Uuguzi ni miaka minne, bado anayo miwili, na tayari ana orodha ya watoto wa mwaka wa kwanza wanaotaka kupimwa. Alisema neno moja ambalo limenikaa kichwani: "Likienda Kondoa litakuwa kumbukumbu. Likibaki hapa litakuwa ligi."

Na mimi nimelifikiria sana nikiwa kitandani, rumeti anakoroma kitanda cha juu. Mwenyekiti anasema atarudi mwaka ujao wa masomo, Mungu akijalia alizeti na mguu wa mzee. Akirudi sisi hatupo. Darasa zima halipo, atakaa na watu asiowajua, atakuwa yule kaka mkubwa wa nyuma ambaye hakuna anayejua alikuwa nani. Atafurahi zaidi kulikuta daftari kwenye begi lake mwenyewe, au kupita vimbwetani jioni akakuta watoto wasiomjua wanarushia dadu ndani ya bakuli na kubishana kwa kanuni alizoandika yeye? Rumeti ni ndugu yangu, tumegawana sabuni na mkate miaka mitatu. Lakini mkinibana niseme ukweli, natamani Vumbi washinde, kwa faida ya mtupaji wa Upepo. Na huyo mtupaji mwenyewe nimeshaongea naye, anataka ushindi kweli kweli, kaniomba nimpigie simu kila awamu ikiisha. Ndo ilivyo michezo.

Utabiri wangu, maana mmeusubiri: mechi ya kwanza Upepo, kwa sababu wakimbiaji wao wataibia watu wakiwa bado wanapiga chafya za vumbi. Ya pili Vumbi, kwa mbali. Ya tatu itakuwa ya pointi moja, na nasema Vumbi. Mbili kwa moja. Nikikosea, rumeti atanikumbusha hadi siku ya mahafali.

Mwenye kuja aje mapema, vimbweta vya kukaa ni vitatu tu. Njooni na chai zenu na kitu cha kujifunika, jioni za Juni hapa kwetu baridi haina utani. Anayerusha dadu ni kocha wa timu inayopiga, anayehesabu ni mimi, na dadu ikitoka nje ya bakuli inarudiwa, hata iwe 12. Matokeo nitawaletea Jumapili kabla sijarudi kwenye takwimu. Kila la heri kwa wote wenye UE, na salamu kwa wote walioahirisha mwaka popote mlipo. Kadi zenu zipo.